Mchele Haukai Upande

"Unaachia klachi kama umeshika kaa la moto! Taratibu, Azzam, nimesema taratibu!"

Nilichelewa. Pikipiki iliruka mbele, ikakohoa, ikazima, na kiroba cha mchele kilichofungwa kwenye kiti cha nyuma kikalala ubavu. Azzam akaweka miguu chini, akageuka kukitazama.

"Nimemuua mama," akasema.

"Hajafa, kazimia tu. Mwinue tuanze upya."

Ndivyo tulivyokuwa kila Jumamosi asubuhi kule Kigamboni, ng'ambo ya daraja, kwenye viwanja vya watu ambao hawajajenga. Mie Nusaiba binti Mashaka, mtoto wa fundi seremala wa Keko, nafundisha watu pikipiki. Nilianza kwa kusambaza stuli na meza ndogo za baba yangu. Wanawake wakaniona, wakataka kujifunza, wanaume nao wakafuata nyuma wakijidai wanawasindikiza wake zao. Karibu wote wanataka mbio. Azzam ndiye mtu wa kwanza kuniletea ombi la ajabu.

"Dada, nifundishe kwenda polepole," aliniambia siku ile ya kwanza. "Polepole kabisa. Mtu wa miguu anipite."

Nikamtazama. Kijana mrefu, shati lina pasi kama anakwenda ofisini, macho ya mtu ambaye ametoka kucheka sasa hivi au yuko njiani kucheka. Kwao ni lile duka la mchele la Kiwalani. Babu yake alikuja kutoka Arabuni akafungua mlango wa duka, na mpaka leo haujahama.

"Mbio huzitaki?"

"Mbio za nini? Nataka kumbeba mama yangu."

Nadhani nilimpenda hapo hapo. Ila nikajifanya nakaza kioo cha pikipiki, kioo ambacho hakikuwa kimelegea.

Mama yake, Bi Wahiba, goti lilimkatalia. Nyumba yao iko ndani kabisa Kiwalani, kwenye uchochoro ambao hata bajaji inageuzia nje, una mitaro na vidaraja vya mbao kila baada ya nyumba chache. Kiti cha magurudumu waliwahi kumletea, akakifanya cha kuanikia kanga. Bodaboda ndiyo kabisa, usimtajie. "Nikamate kiuno cha mwanaume asiye maharimu yangu? Bora nikae humu humu ndani Israili anifuate." Basi bibi wa watu akawa anakaa ukumbini na kusikiliza harusi na maulidi za wenzake kwa simu. Azzam ndiye mwanawe pekee wa kiume, na hakuwa anajua hata gia ya kwanza inakanyagwa chini au inapandishwa juu.

Sasa ukimfundisha mtu kubeba abiria, lazima abebe abiria. Na mie sipandi nyuma ya mwanaume ambaye si wangu, hata awe mwanafunzi, hata awe na macho yale. Ndiyo maana Azzam akaleta kiroba cha mchele kutoka dukani, tukakisimamisha katikati ya kiti, tukakifunga kwa mpira. Tukakiita Mama.

"Sikiliza," nikamwambia Jumamosi ile, kiroba kilipokaa sawa. "Ukienda polepole pikipiki inataka kulala. Mafuta ukitia mengi inakimbia, ukitia machache inazima. Kinachokuokoa ni klachi. Usiikamate yote, usiiachie yote. Kuna mahali pale katikati inapoanza kushika, utaisikia inatetemeka kidogo mkononi. Ukae hapo hapo. Na mguu wa kulia uguse breki, uguse tu, usikanyage."

"Hapo katikati ndipo panaponishinda. Nikifika napapita."

"Umeshamwona mama mwenye mtoto mchanga? Mtoto akishalala, anamtoa titi vipi mdomoni? Anachomoa ghafla?"

Azzam akawa mwekundu mpaka masikioni. "Nusaiba, jamani."

"Jibu swali la mwalimu."

"Anamtoa taratibu."

"Kwa nini?"

"Asimwamshe."

"Haya. Usiiamshe pikipiki."

Akaondoka. Na wallahi safari hii akaenda. Alikwenda polepole kiasi kwamba mie nilikuwa natembea pembeni yake kwa miguu, mkono mmoja kiunoni, naongea naye kama watu wanaotoka sokoni. Akazunguka tofali nililoliweka katikati ya kiwanja, akapita kati ya vijiti viwili nilivyochomeka, akarudi, akasimama bila kuyumba. Kiroba kimetulia kama kinasali.

"Macho mbele," nilimwambia, maana alikuwa ananitazama mie.

"Macho si umesema yaende kule ninakotaka kwenda?"

Ee! Mie Nusaiba, ambaye Keko nzima inanijua kwa mdomo, nikainama kufunga kamba ya kiatu.

Akazima pikipiki.

"Nimemwambia mama," akasema.

"Habari ya pikipiki?"

"Habari yako wewe."

Moyo ukanipiga teke. "Akasemaje?"

"Usikasirike."

"Ukishasema hivyo nimeshakasirika. Sema."

"Kasema, mwanamke anayekaa miguu huku na huku juu ya pikipiki mchana kweupe haingii nyumbani kwake. Kasema Mmakonde wa Keko na sie wapi na wapi." Akavua helmeti, nywele zimelowa jasho. "Nikamwambia huyo ndiye aliyenifundisha ili mie niweze kukubeba wewe. Kasema basi ashukuriwe, lakini shukrani si ndoa."

Baba yangu alishaniambia siku nyingi. Alisema, mwanangu, akufukuzaye hakwambii toka, wewe tazama dalili tu. Sasa huyu mama ametamka "toka" yenyewe, kwa kinywa chake, dalili za nini tena?

"Azzam," nikasema, "na wewe je?"

"Mie nakutaka wewe. Sitaki mwingine, na mama nimemwambia hivyo hivyo. Lakini siwezi kuoa bila radhi zake, Nusaiba. Siwezi. Nyumba ya hivyo haitakalika."

Hapo ndipo aliponiweza. Ningempata mwanaume wa kusema "potelea mbali mama", ningemwogopa, maana kesho angesema potelea mbali na mie. Nilimpenda kwa sababu ya mama yake, na mama yake ndiye aliyekuwa ananinyima. Nikasikia machozi, nikayameza.

"Kesho kuna maulidi ya kina mama kwa mama mdogo Maisa, Tandika," akasema. "Nambeba kutoka mlangoni mpaka barabarani. Kirikuu yangu, ile pikapu ya kubebea mchele, nitaiacha pale kwenye lami, apande, twende. Njoo."

"Nije nifanye nini?"

"Akuone. Anakukataa hajakuona. Akikukataa amekuona, basi nitajua nimekataliwa kweli."

Jumapili nilifika Kiwalani mapema. Juu ya suruali nilivaa baibui zuri, lile la Idi, nikapandisha pindo na kulifunga kiunoni kwa ajili ya kuendesha, kisha nikalishusha nilipofika. Pikipiki ilikuwa yangu, maana ndiyo Azzam aliyoizoea. Jirani yao, Mama Eufrazia, alisharudi misa ya kwanza, anakaanga vitumbua pembeni ya mtaro, na alinipima kutoka kwenye ushungi mpaka kwenye kiatu.

"Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndiye mie, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kaza moyo, mwanangu. Kwa Bi Wahiba hata paka anaingia kwa hodi."

Bi Wahiba alikuwa amekaa barazani amejiandaa tayari. Mweupe, mnene kiasi, uso wa kuvutia bado, udi unanukia kabla hujamkaribia. Fimbo mkononi. Nikapiga goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akanitazama sana. "Ndiye wewe."

"Ndiye mie."

"Nilidhani utakuwa na misuli."

Sikujua kama natukanwa au nasifiwa, nikasema asante.

Azzam akapanda pikipiki, akawasha. Mie na Mama Eufrazia tukamshika Bi Wahiba huku na huku, tukampandisha. Na bila shaka akakaa anavyokaa mwanamke wa heshima wa mji huu: upande, miguu yote miwili kushoto, baibui limekunjwa chini ya paja, mkono mmoja kwenye bega la mwanawe na mwingine kwenye fimbo.

Nilipomwona amekaa vile nikakumbuka kiroba. Jumamosi zote zile tulikuwa tumekisimamisha kiroba katikati, wima, kimejigawa sawasawa kulia na kushoto. Ni mama gani wa Kiwalani anayekaa hivyo? Nikafungua mdomo niseme subiri, Azzam naye akaachia klachi.

Aliachia vizuri, simnyimi haki yake. Taratibu kabisa, pikipiki haikuamka. Wakaenda hatua kadhaa, nikasikia Mama Eufrazia anasema "haya haya haya" chini chini. Kisha wakafika kwenye kidaraja cha kwanza, mbao mbili juu ya mtaro. Uzito wa mama ukavuta kushoto, Azzam akavuta kulia, mama akaogopa akalivuta bega la mwanawe, na Azzam akafanya lile ambalo nimemkataza tangu siku ya kwanza: akaikamata klachi yote. Pikipiki ikakosa nguvu, ikasimama juu ya mbao, ikaanza kulala.

Nilikimbia sijui vipi. Nikaidaka kwa nyuma, Mama Eufrazia akamdaka bibi, na Bi Wahiba akashuka kwa miguu yake mwenyewe, salama, isipokuwa kiatu kimoja, kile cha kung'aa alichokiweka kwa ajili ya maulidi. Kilitumbukia mtaroni.

Watu wametoka milangoni.

"Nirudisheni ndani," akasema Bi Wahiba.

"Mama, nisamehe, nijaribu tena."

"Nimesema nirudisheni ndani. Nimeshaonekana na watu, inatosha." Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu ambaye usiku kucha alichagua nguo. Ndiyo iliyoniuma.

Azzam alisimama pale ameshika pikipiki, kainamisha kichwa, na nilijua anachofikiria. Alifikiria kwamba ameshindwa, na amenishindisha na mie. Mama Eufrazia akaleta stuli yake, bibi akaketi kwanza apumue. Kisha akaninyooshea fimbo.

"Wewe ndiye uliyemfundisha?"

"Ndiye mie, mama."

"Umemfundisha vibaya."

Sasa mie nina ulimi. Mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, alisema ulimi wangu utaniozesha au utanizuia kuolewa, moja kati ya hayo. Najua ningepaswa kusema "naam, samahani." Badala yake nikajisikia nasema:

"Nilimfundisha kubeba mchele, mama. Na mchele anaubeba vizuri sana. Ila mchele haukai upande."

Mama Eufrazia, aliyekuwa amerudi kwenye vitumbua vyake, akaacha kukaanga. Azzam akafumba macho.

Bi Wahiba akanitazama. Mdomo wake ukacheza pembeni, akauzuia, ukacheza tena.

"Mchele gani?"

"Kiroba cha dukani kwenu. Tulikifunga nyuma tukakiita Mama."

"Mlikiita nani?"

"Mama," akasema Azzam, kwa sauti ya mtu anayekiri mahakamani.

"Na kwa nini hukupanda wewe nyuma yake ukamfundisha? Si ndiyo kazi yako?"

"Sipandi nyuma ya mwanaume ambaye si wangu, mama. Ingekuwa rahisi, wala asingekosea leo. Lakini sipandi."

Bi Wahiba akautazama mtaro, akanitazama mie, akaitazama pikipiki. Nikaona ndiyo nafasi, na kama ni kufukuzwa nitafukuzwa mara moja tu. Nikaichukua pikipiki kwa Azzam, nikairudisha nyuma ya kidaraja, nikaketi kwenye kiti cha mbele, nikawasha.

"Mama, maulidi yanakungoja. Mie si mwanaume. Panda, nishike unavyotaka."

Bi Wahiba alinitazama kama mtu aliyehangaika nyumba nzima kutafuta miwani, kumbe iko kichwani kwake. Azzam naye mdomo wazi. Sote watatu, na akili zetu, hatukuwa tumeliona!

"Lete kiatu kingine," akamwambia mwanawe. "Zile kandambili za kijani. Upesi."

Tukampandisha. "Usinishike bega," nilimwambia. "Nizungushie mkono kiunoni, jiegemeze mgongoni kwangu kabisa, tuwe mtu mmoja. Nikilala, lala. Usinisaidie."

"Nikusaidie nini mie?"

"Kuogopa."

Akacheka puani. Akanikumbatia kwa nguvu, udi ukanifunika, na nikajisogeza kidogo kulia ili tulingane. Gia ya kwanza. Nikaitafuta klachi pale katikati, ikatetemeka mkononi, nikakaa hapo hapo. Kidaraja cha kwanza kikapita. Cha pili kikapita. Mgongoni nikasikia pumzi ya bibi inalainika.

"Bi Wahiba! Ni wewe?" mtu akaita dirishani.

"Ni mimi! Mlidhani nimekufa?" Kisha sikioni kwangu: "Unakwenda mbio."

"Mama, yule kuku katupita."

"Punguza. Nataka wanione vizuri."

Nikapunguza. Ukitaka kujua ufundi wa mtu kwenye pikipiki usimwangalie kwenye mbio, mwangalie hapo. Tulikuwa tunakwenda kama bibi harusi anaingia ukumbini. Kila mlango una salamu, kila salamu ina jibu. Mwanamke mmoja aliyekuwa anafua alisimama na mapovu mikononi, akapiga kigelegele, sijui alidhani kuna nini. Azzam alikuwa nyuma yetu kwa miguu, kashika fimbo ya mama yake.

"Unajua kupika?" sauti sikioni.

"Najua, mama. Ila pilau langu linashika chini."

"Azzam anapenda ukoko."

Kona nyembamba ilikuwa inakuja.

"Unaswali?"

"Alhamdulillahi, naswali. Alfajiri naichelewa mara moja moja."

"Angalau husemi uongo." Tukamaliza kona. "Unampenda mwanangu?"

Jamani! Klachi ikanichomoka. Mie mwalimu, mie ninayewafokea watu kila Jumamosi, vidole vikaachia, pikipiki ikaruka, ikakohoa, ikazima katikati ya uchochoro. Nikaweka miguu chini haraka. Bibi alikuwa ameniganda kiunoni, hakuanguka, hakupiga kelele. Nikasikia mgongo wangu unatikisika. Bi Wahiba alikuwa anacheka.

"Mama, samahani sana, imeniponyoka..."

"Nyamaza. Nimeshajibiwa."

Azzam akatufikia anahema. "Kuna nini? Pikipiki ina nini?"

"Haina kitu," akasema mama yake. "Mwalimu wako hajui klachi. Washa, twende."

Nikawasha. Sikuthubutu kutazama kioo cha pembeni, maana najua macho ya nani yangekuwemo. Tukatokea kwenye lami. Kirikuu ya Azzam ilikuwa pale, safi, kiti cha mbele kimewekewa mto. Nikasimama kando yake, Azzam akafungua mlango.

Bi Wahiba hakushuka.

"Mama, tumefika. Panda tuwahi."

"Maulidi yanaanza saa ngapi?"

"Baada ya adhuhuri. Ila ulisema unataka kukaa na mama mdogo Maisa kwanza."

"Maisa yupo, hajaondoka. Wewe, binti. Baba yako karakana yake iko wapi?"

"Keko, mama. Lakini leo Jumapili..."

"Amefunga?"

"Hafungi. Jumapili ndiyo watu wanakuja kuchagua."

"Basi nipeleke. Azzam atatufuata na gari lake."

Nikamtazama Azzam. Azzam akanitazama. Hatukujua tunacheka au tunalia. Mama yake akanigonga begani kwa vidole vya pete. "Twende. Na huku barabarani usinitambaze, nimechoka kusalimia watu."

Nikamvalisha helmeti yangu ya abiria juu ya ushungi wake, akalalamika kwamba inamfanya mzee, tukaondoka.

Keko palikuwa na vumbi la mbao na harufu ya vanishi kama kawaida, vitanda na makabati yamepangwa mpaka kando ya barabara. Baba yangu, Mzee Mashaka, alikuwa anapiga msasa mguu wa meza. Aliinua kichwa akaniona nakuja polepole, nyuma yangu mama wa Kiarabu mwenye kandambili za kijani, nyuma yetu kirikuu inatufuata kama polisi. Msasa ukamwanguka.

"Assalamu alaikum," akasema Bi Wahiba, hajashuka.

"Waalaikumu salaam. Karibu, karibu sana." Baba akaleta kiti, akakifuta kwa kofia yake. Azzam akamshusha mama yake, akamwamkia baba kwa mikono miwili, akasimama pembeni kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Bi Wahiba akaketi. Akatazama makabati. Akatazama mikono ya baba. Akapapasa ule mguu wa meza.

"Hii kazi yako?"

"Yangu, mama. Niliianzia kwa marehemu baba yangu kule Newala."

"Mkono mzuri. Nimekuja kwa kitanda."

Baba akanitupia jicho. Anajua kila kitu baba yangu, nilishamsimulia nikilia. "Kitanda cha nani?"

"Cha mwanangu huyu. Ndiye wa kiume peke yake. Nataka aoe, na kwetu kitanda anatoa bwana harusi."

"Hata kwetu. Anaoa wapi?"

"Hapo ndipo sijui nijibu nini," akasema Bi Wahiba, na sauti yake ikalainika. "Posa ina wenyewe, mzee mwenzangu. Wajomba zake watakuja na mshenga, watakaa na nyie, watasema maneno yao. Mie mwanamke, sikuja kuposa. Nimekuja kwa kitanda tu. Lakini wewe fundi ukikubali kukichonga, nitakwenda nyumbani najua niwatume wajomba au nisiwatume."

Azzam alikuwa amefumba macho, midomo inacheza, najua anaomba dua. Mie nilikuwa nimeshika mkono wa klachi wa pikipiki iliyozimwa, nimeukamata wote.

Baba akaokota msasa, akaupangusa, akauweka mezani. Akachukua futi kamba iliyokuwa imening'inia msumarini.

"Mninga au mkongo?" akauliza.

"Mninga," akasema Bi Wahiba, na hapo hapo akatoa ncha ya mtandio akajifuta macho.

"Kiwe na nakshi?"

"Kiwe na nakshi. Za kwenu huko Newala, uzijuazo."

Baba akatikisa kichwa kukubali. Kisha akanigeukia mie. Alinitazama kwa muda, vile alivyonitazamaga nilipokuwa naondoka na mzigo wangu wa kwanza wa stuli, anataka kunizuia na anataka niende.

"Nusaiba, sogea hapa."

Nikasogea.

"Mie sichongi kitanda bila kumuuliza atakayekilalia. Upana gani unakutosha?"

Astaghfirullah, baba! Mbele ya watu wote wale! Uso uliniwaka. Niliangalia chini nikaona vumbi la mbao, na kandambili za kijani, na viatu vya Azzam ambavyo vilikuwa vimesogea karibu bila mie kujua.

"Sita kwa sita, baba," nikasema kwa sauti ya panya.

"Sijasikia."

"Sita kwa sita!"

Na Keko nzima ikasikia.